Unataka kuanza kukusanya konsoli za gemu za zamani? Anza hivi usije ukapigwa

Kabla hujatoa hata mia yako, jua kwanza unakusanya ili ucheze au unakusanya ili uje kuuza. Mimi nakusanya nicheze, na yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye huo msimamo, kama wewe ni wa biashara mengine hayatakuhusu. Wale wa kununua gemu ikiwa bado na nailoni yake ya dukani afu wanaifungia kwenye boksi la plastiki lenye maksi za ubora juu mi siwaelewi kabisa. 2021 kopi moja ya Super Mario 64 ilienda mnadani kule Marekani kwa dola milioni 1.56, na hiyo gemu wala siyo adimu, Nintendo waliuza kopi zaidi ya milioni 11, yaani pale kilicholipiwa ni nailoni. Wewe tafuta kaseti iliyochakaa lebo, ina jina la mtoto wa watu kwa maka peni nyuma, inacheza vilevile na hutaogopa kuishika.

Mashine ya kuanza nayo ni PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony. Najua wengi mnaangalia video za Wamarekani mnataka kuanza na Nintendo za mwaka 47, sasa huku kwetu kaseti zake utazitoa wapi, kila moja uagize nje, nauli na ushuru juu, ukifika kaseti ya tatu umeshakata tamaa. PS2 ilitoka Japani Machi 2000 na wamekuja kuacha kuitengeneza 2013 ikiwa imeshauzwa zaidi ya milioni 155, kwahiyo spea zipo, na karibu kila mtaa uliokuwa na banda la gemu kuna mtu ana moja mbili uvunguni hajui hata kama zinawaka. Kaulizie huko kwanza kabla ya kwenda Kariakoo au Luthuli kama uko Nairobi. Na inacheza CD za PS1 pia, hivyo kwa mashine moja umebeba Tekken 3, umebeba Crash Bandicoot, mpaka God of War II ya 2007.

Mnene (ile PS2 kubwa ya mwanzo) au slim (ile nyembamba iliyokuja baadaye)? Mi ni mtu wa mnene, ila kwa anayeanza nitakwambia chukua slim na sababu ni umeme tu. Soma stika ya nyuma, kuna namba inaanza na SCPH. Mara nyingi tarakimu ya mwisho inakwambia imetoka wapi, 0 ni Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya bara. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani 120, huku kwetu ukutani kuna 230 mpaka 240, ukichomeka mnene wa Japani moja kwa moja utasikia tap, harufu, kwisha habari. Lazima upitishie kwenye transfoma ya kushusha umeme. Slim za kuanzia 70000 mpaka 79000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5 kwahiyo hata ikitoka Tokyo unabadilisha adapta tu unaendelea na maisha. Angalizo, slim za 90000 adapta imehamia ndani tena, hizo zihesabu kama mnene. Na ukija kuingia kwenye za zamani zaidi kuwa makini na adapta kuliko kitu chochote, ile ya NES ya Marekani, Nintendo ya kwanza, inatoa umeme wa AC na Super Famicom, Super Nintendo ya Japani, inataka wa DC, tundu la chaja linafanana fanana, mtu anachomeka akijua ni ndugu moja kumbe anaua.

Sasa twende kwenye kununua, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Muuzaji anakuwashia, maandishi ya PlayStation 2 yanatokea, anakwambia si unaona inawaka mkuu. Kuwaka siyo kusoma. Nenda na CD zako tatu: moja ya PS1, ile yenye chini nyeusi, moja ya PS2 yenye chini ya bluu, na moja ya PS2 yenye chini ya fedha. Ya bluu ni CD na ya fedha ni DVD, na kwenye PS2 kila aina ina mwanga wake ndani ya lensi, ndo maana unakuta mashine inapiga GTA San Andreas, ambayo ni DVD, vizuri tu ila ukiweka ya bluu inazunguka weee mpaka inakwambia iweke diski ya PlayStation. Muuzaji mjanja atakuonyesha ile inayosomeka tu. Ukiweka CD tega sikio, mlio wa kuzunguka uwe mmoja unaoenda, ukisikia tik tik tik inarudia rudia ujue lensi inatafuta haioni, hapo shusha bei ya lensi au ondoka. Iache icheze kama nusu saa, na siyo kwenye menyu, ingia mechi kabisa, maana nyingi zinakubali zikiwa za baridi zikipata moto zinaanza kustaki. Weka kiganja nyuma kwenye feni, upepo utoke. Afu inusie. Sitanii, inusie kwenye matundu, mende wanapenda sana konsoli kwa sababu ina joto na giza, na uchafu wao unakula bodi, ukitikisa ukasikia vitu vidogo vikavu vinatembea ndani basi ujue wapangaji walikuwepo.

CD zenyewe watu wanazikagua upande usio sahihi. Kila mtu anageuza chini kuangalia mikwaruzo, sawa, ila mikwaruzo ya chini mingi inasafishika. Kwa CD, yaani zote za PS1 na zile za bluu, data imekaa juu kabisa karibu na lebo, kwahiyo mkwaruzo wa kwenye lebo ndo mbaya zaidi. Inyanyue CD kuelekea kwenye taa, ukiona vitundu vinapitisha mwanga kama nyota basi hiyo ishakatika data, hakuna dawa ya meno wala mafuta ya nazi yatakayoirudisha. DVD ina nafuu, data iko katikati ya plastiki mbili.

Padi orijino ya DualShock 2 ni nzito mkononi na analogi, vile vijiti viwili, zikirudi katikati zinasimama, feki ni nyepesi na analogi zinalegea kama jino bovu. Jaribio la uhakika ni Metal Gear Solid 2 au 3, mle vitufe vinapima unabonyeza kwa nguvu kiasi gani, na feki nyingi zinajua ndiyo na hapana tu, ukimlenga mtu ukaachia taratibu ili usipige risasi inapiga. Memori kadi chukua ya MB 8 ya Sony, achana na zile za MB 128 za bei chee, siku moja unakuta sevu zote zimepotea.

Kuhusu kuchipu na kuflashi, yaani kuifungua mashine icheze hata gemu zisizo orijino, sina unafiki, huku kwetu PS2 zilizokuja bila chipu ni za kutafuta kwa tochi. Njia safi ni memori kadi yenye Free McBoot, programu ya kuifungua mashine, hufungui mashine wala huchomi waya, unachomeka kadi inawaka na menyu yako. Haikubali kwenye zile slim za mwisho za 90000, angalau zilizo nyingi. Ukishafika hapo usikimbilie kuweka gemu kwenye flashi, pale mbele USB yake ni 1.1, video za kati kati zinakatakata mpaka inaboa. Hapa ndo mnene unapomfunga slim goli la kisigino, nyuma minene mingi ina nafasi ya harddiski ndani kabisa, unaweka na kile kifaa chake cha netiweki, gemu zinafunguka haraka kuliko hata kwenye CD na lensi yako inapumzika. Mi CD zangu orijino nazitoa kwa wageni tu.

Halafu TV. Kama kuna mtu nyumbani anataka kutupa TV chogo, mzuie mlangoni. Hizi gemu zilichorwa zikitegemea chogo, ukiziweka kwenye flati zinakuwa na ukungu, na flati nyingi zinachelewesha kidogo kati ya kubonyeza na kuona, kwenye mechi za kawaida utavumilia ila kwenye Tekken utasema padi mbovu. Duck Hunt na bunduki yake ndo haifanyi kazi kabisa kwenye flati, bunduki inasoma mwanga wa chogo jinsi unavyopita kwenye kioo, bila hiyo utapiga bata mpaka asubuhi. Kwenye kununua chogo hakikisha inakubali PAL (mfumo wa picha wa Ulaya) na NTSC (wa Japani na Marekani) zote, ukiweka mashine ya Japani kwenye TV ya PAL tupu picha inakuja nyeusi na nyeupe. Na kama una chaguo, gemu za zamani za Sega na Nintendo chukua za NTSC. Za PAL zinaenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60 na nyingi hazikurekebishwa, Sonic ya 1991 kwa PAL inakimbia kama katoka kula ugali wa dona, hata muziki wake mzito, wengine tumekua tukijua ndo ilivyo.

Kaseti sasa. Wengi wetu Famicom halisi, ile NES ya Japani, hatukuwahi kuiona, tulichocheza ni zile za Kichina zilizokuja na bunduki na kaseti ya njano imeandikwa 9999999 in 1, ukizungusha menyu unakuta Contra, Battle City, Circus Charlie na zingine chache zinajirudia na majina tofauti. Zikusanye hizo pia, mi sioni aibu, ndo historia yetu, na bado zinapatikana kwa bei ya kutupa. Ila ukinunua kaseti ya Nintendo kwa bei ya orijino, ifungue. Inataka bisibisi ya milimita 3.8, ndani bodi ya kweli mara nyingi imeandikwa Nintendo, ukikuta tone jeusi la gundi limefunika chipu mara nyingi hiyo ni famba. Kuipulizia na mdomo acha, mate yanatia kutu kwenye meno ya shaba, kilichokuwa kinasaidia ni kule kuitoa na kuirudisha. Chukua pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili, ile mafundi simu wanayosafishia bodi, sugua mpaka pamba itoke nyeupe. Siyo thina, thina inayeyusha plastiki.

Ukishazoea PS2 ndo utaanza kutamani zingine, hapa nitasema ya moyoni. N64, yaani Nintendo 64, inasifiwa kuliko inavyostahili. Ina gemu kama nne tano za kufa mtu, zilizobaki ni ukungu na picha inayovuta miguu, na analogi yake inajisaga yenyewe, ukifungua padi iliyotumika sana unakuta unga mweupe wa plastiki umejaa kwenye kikombe chake. Dreamcast ndo iliyoonewa, imetoka 1998, Sega wameiacha 2001, na ndani ya muda huo mfupi ina Crazy Taxi, Soulcalibur, Power Stone na Shenmue, hakuna mashine niliyocheza nayo na wageni wanaocheka kama ile. Tatizo lensi, kwahiyo ijaribu kama nilivyosema juu. Xbox ya kwanza nunua, ila siku hiyo hiyo ifungue utoe kapasita ya saa, inavuja maji yanayokula njia za bodi, ni zile za mwisho kabisa toleo la 1.6 ndo zimepona, na ukiitoa unachopoteza ni saa na tarehe tu. Xbox 360 usiguse za mwanzo, zilikuwa zinakufa na taa nyekundu tatu mpaka Microsoft 2007 wakaongeza waranti na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Tafuta ile nyembamba ya 2010.

Kutunza, kama unakaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, adui yako ni chumvi ya hewani na unyevu. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni, zinatoka jasho. Weka kwenye boksi lenye vipakiti vya silika vile vinavyokuja kwenye viatu, juu ya kabati siyo sakafuni, na kila baada ya muda ziwashe kidogo. Toa betri kwenye kila Game Boy unayoiweka pembeni. Kaseti nyingi zenye sevu zina betri ndogo ndani inayoshikilia sevu, na betri nyingi sasa hivi zimeshapita umri, ikiisha gemu bado inacheza ila haitunzi kitu, mpe fundi anayejua kulehemu aweke mpya na umwambie kabisa kwamba sevu za zamani zitafutika. Chomeka kila kitu kwenye fridge guard, umeme ukirudi kwa kishindo ndo unaoua, siyo ukikatika. Na mnene uliokufa usimpe mtu wa skrepa hata akikuletea ndoo mbili za plastiki, ndani kuna feni, lensi, trei, vifuniko na skrubu ambazo mwakani utazitafuta mji mzima.