Usukani Ukigoma Ndege Ikishapaa: Ya Kuzingatia Kabla Hujaruka

Ndege ndogo ya jeti hupaa kwa kasi, hivyo usukani ukigoma muda wa kutafakari ni mchache. Kwa hiyo mengi yafanyike ukiwa bado chini.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote, uvute, usukume, kanyaga pedali. Lakini usukani kwenda bila kukwama hakutoshi. Tazama na bawa. Ukikata kulia, eleroni ya kulia (kibao cha nyuma ya bawa kinacholaza ndege upande) inapaswa kuinuka na ya kushoto ishuke. Shika usukani vidole gumba vikiwa vimesimama: unapokata, vinalalia upande ambao eleroni yake imeinuka. Ukiwa huioni kutoka kitini, mwombe mtu aliye nje akutazamie. Nalisisitiza hili hasa kwa ndege inayotoka kwa mafundi. Novemba 11, 2018, ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Air Astana ilipaa Alverca, Ureno, baada ya matengenezo, nyaya za eleroni zikiwa zimefungwa kinyume. Marubani walihangaika nayo angani kwa muda mrefu ndipo wakafanikiwa kutua Beja.

Hakikisha pia kifungo kinachozuia usukani usichezeshwe na upepo kimefunguliwa. Mei 31, 2014, jeti aina ya Gulfstream G-IV ilijaribu kuruka Bedford, Massachusetts, Marekani, kikiwa bado kimefungwa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi kamili wa usukani ulifanyika mara 2 tu. Inauma, kwa sababu ni kazi ya sekunde chache.

Trimu, yaani mtambo unaoipa pua ya ndege mwinamo bila wewe kushikilia usukani kwa nguvu, iwe kwenye alama ya kurukia. Ijue kwa mkono fyuzi yake ilipo, uifikie hata ukifumba macho, maana trimu ikianza kwenda yenyewe utaushikilia usukani kwa nguvu, ubonyeze kitufe cha kuikata, kisha uvute fyuzi. Kubalianeni mapema nani anashika usukani na nani anavuta.

Semeni kwa sauti, kabla ya kuruka, mtakachofanya hitilafu ikitokea. Kwanza ndege iendeshwe, redio baadaye. Kama ulichogusa mwisho ndicho kilicholeta shida, kirudishe kilipokuwa. Ikiwa inaruka vizuri na flapu (vibao vya bawa vinavyosaidia ndege kuruka polepole) zilivyo, ziache. Tangaza Mayday, wito wa dharura redioni, bila haya, panda hadi kimo cha usalama, kisha shusha magurudumu na upunguze mwendo kidogokidogo uone inavyotii. Mwendo ambao ndege inaanza kukataa ndio mpaka wako. Njoo kutua kwa mwendo unaouzidi huo.

Mwendo huo mkubwa unadai njia ndefu ya kutua. Basi kabla hujawasha injini, andika kwenye karatasi iliyo mapajani pako uwanja wa karibu wenye njia ndefu kuliko unapoondokea, na urefu wake kwa mita.