Somo: Kupumua kwa mgonjwa wa TB anayechoka haraka

Naulizwa hili karibu kila wiki, basi naliandika hapa mara moja. Mazoezi haya hayaui vijidudu. Hiyo ni kazi ya dawa, kwa wengi miezi 6 bila kuruka siku. Yanakusaidia kuitumia vizuri pumzi uliyonayo wakati mapafu yanapona.

1. Fungua madirisha, kaa kwenye kiti chenye egemeo, legeza mabega.
2. Mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni.
3. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 2. Mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie.
4. Bana midomo kama unapuliza uji wa moto, toa hewa ukihesabu hadi 4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanahema kwa nguvu na kwa haraka wakidhani hewa nyingi ndiyo nguvu, mara kizunguzungu, vidole vinachoma, wanasema ugonjwa umezidi. Kumbe wametoa kabonidioksaidi kupita kiasi. Ikikutokea, acha, pumua kawaida mpaka kichwa kitulie, ndipo uanze tena polepole. Usisukume hewa, iache itoke. Usibane pumzi.
5. Rudia mara 5, pumzika. Asubuhi, mchana, jioni.

Ukikohoa damu, ukichomwa ghafla upande mmoja wa kifua, au ukihema hata umekaa, achana na zoezi, wahi hospitali.

MASWALI

– Mkuu, kikohozi kimeisha. Nikifanya haya naweza kuacha vidonge?
Hapana. Nimeandika pale juu. Kikohozi huisha vijidudu vikiwa bado vipo, na ukikatisha dozi unakaribisha TB sugu.

– Nimefanya jana, sijaona kitu.
Endelea. Siku moja haitoshi.

– Mama yangu anaishiwa pumzi akipanda ngazi na akioga. Afanyeje?
Asante kwa kuuliza, ndugu yangu. Kwenye ngazi avute hewa akiwa amesimama, apande huku anaitoa, kisha asimame tena. Aoge amekaa kwenye kigoda, ndoo iwekwe juu ya stuli asiiname. Taulo iwe karibu. Na mwombe daktari ampime wingi wa damu, maana uchovu mwingine unatoka huko, au kwenye kula kidogo.

– Mkojo wangu umekuwa rangi ya chungwa, ni zoezi?
Ni rifampisini, mojawapo ya dawa zako za TB, usiogope. Ila macho yakiwa ya njano, nenda kituoni siku hiyo hiyo.