Kupima sukari kwa mwanga bila kutoboa kidole: pa kuanzia

Kwanza, kwa mnaotaka kujiundia kifaa hiki: ile sensa (kihisi) ya MAX30102 mnayoitafuta Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki hapa Nairobi, ilitengenezwa kupima mapigo ya moyo na oksijeni. Mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 660 na 880, na huko glukosi (sukari ya damu) haionekani kabisa. Alama za glukosi ziko karibu na nanomita 1600, na kati ya 2100 na 2300, nazo zimefunikwa na maji yaliyojaa mwilini.

Hatua ya 1. Tumia kibano cha springi kushikilia kidole kwenye sensa. Ukikandamiza kwa mkono, damu huondoka kidoleni na kipimo huyumba.

Hatua ya 2. Dhibiti joto. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi vidole huwa barafu. Vipashe moto, kisha andika joto la ngozi kando ya kila kipimo, maana maji hubadili ufyonzaji wake wa mwanga kwa joto. Nyuzi moja tu yaweza kumeza badiliko lote la glukosi.

Hatua ya 3. Linganisha na glukometa, kile kipima sukari cha kutoboa kidole. Nawa mikono (aliyetoka kumenya embe atakupa sukari ya embe), pima mara mbili, chukua wastani. Kumbuka glukometa nayo hukosea: kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha 2013 kinairuhusu kukosea hadi asilimia 15 sukari ikifika 5.55 mmol/L au zaidi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo niliaibika. Nilikunywa soda, nikajipima kila dakika tano, modeli (programu inayokisia sukari kutokana na mwanga) ikapatia ajabu. Siku ya pili nikanywa maji matupu: ikadai sukari inapanda vilevile! Kifaa kilikuwa kinapata moto polepole, na modeli ilijifunza saa, si sukari. Fanyeni jaribio hilo la maji kabla ya kujisifu. Pia mnapoifunza modeli, mtengeni mtu mmoja pamoja na data zake zote, kisha mjaribu modeli kwake ikimkuta mgeni.

Swali: Kuna saa ya mkononi inayodai kupima sukari. Nimnunulie mama? Anatumia insulini.
Jibu: Usinunue. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba, ilionya Februari 2024 kuhusu saa na pete za aina hiyo. Namba ya uongo itampa dozi ya uongo, na sukari ikishuka sana anaweza kuzimia.

Swali: Ngozi nyeusi haitaharibu vipimo?
Jibu: Melanini, rangi ya asili ya ngozi, husumbua zaidi mwanga unaoonekana. Kwenye 1600 athari yake ni ndogo. Unene wa ngozi unanitesa zaidi.

Swali: Mimi nimepata usahihi wa asilimia 97!
Jibu: Kwa watu wangapi? Na lile jaribio la maji ulifanya?