Jinsi ya kuelezea klabu ya sayansi vile virusi na bakteria husukumana ndani ya mbu

Kama unasaidia klabu ya sayansi hapa Nairobi na mmechagua mbu, usikimbilie ubao, anza na maji. Chota kwa ile ndoo ama tairi imekaa nje ya ploti wiki nzima, weka kwa glasi, funika na neti uikaze na mpira ndio hata mmoja asitoroke, halafu mulika na tochi ya simu kutoka upande. Tafuteni aina tatu za mbu: kiluwiluwi wa Anopheles analala sambamba na uso wa maji. Culex ananing'inia kichwa chini, bomba lake la kupumua ni refu, la Aedes ni fupi nene. Kaeni hapo bila haraka, juu hawa watatu hawabebi magonjwa sawa wala bakteria sawa.

Sasa wachoree njia ya dengi, homa inayoletwa na kirusi, ndani ya mbu anayeitwa Aedes aegypti: kirusi kinaingia na damu, kinapenya ukuta wa tumbo, kinasambaa mpaka tezi za mate, na hiyo yote huchukua kama siku 8 hadi 12, kabla ya hapo akiuma mtu hapitishi kitu. Njiani kuna bakteria. Serratia marcescens hutoa protini inayomomonyoa ute wa tumbo na kirusi kinapita rahisi, kwa hivyo tafadhali usiwaambie watoto ati bakteria wote wanatukinga.

Kuna bakteria mwingine, Wolbachia, huyu ni tofauti, anaishi ndani ya seli za mbu zenyewe. Alionekana kwa Culex mwaka 1924, lakini Aedes aegypti kwa kawaida hana, watafiti ndio walimtoa kwa inzi wa matunda wakamwingiza. Akiwepo, kirusi kinashindwa kuzaana vizuri, na sababu moja inayotajwa ni kwamba wanagombania mafuta ya seli. Jike anampitisha kwa mayai, na dume mwenye Wolbachia akipandana na jike asiye naye, mayai hayaanguliki, ndio maana anaenea. Yogyakarta, Indonesia, matokeo ya 2021 yalionyesha dengi imepungua kwa 77% pale mbu wenye Wolbachia walipoachiliwa.

Watauliza kama kuna ya kwetu. Iko! icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, 2020 walieleza kijidudu kinachoitwa Microsporidia MB kwa mbu Anopheles arabiensis wa Kenya, inazuia vimelea vya malaria ndani ya mbu. Lakini hiyo iko upande wa kuvu, si bakteria, na malaria si kirusi, ichoree ukurasa wake.

Mkimaliza mwaga maji kwa mchanga mkavu juani, si kwa mtaro, na usugue ndoo na brashi, haswa juu ya alama ya maji, mayai ya Aedes hushika hapo na yanaweza kukaa makavu miezi mizima bado yako hai.