Namna ya kufuata habari na bado ukalala usiku, kwa sisi wa Malindi

Sikwambii uache habari. Utaachaje, barabara imekatwa na maji utajuaje? Shida si kujua jambo, shida ni kuambiwa jambo lile lile siku nzima na picha juu yake.

Mwaka 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, ya wale waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa, yalipofukuliwa, kila jioni tulikuwa twangojea hesabu, mpaka miili ikapita 400. Waliokuwa wanatafuta jamaa zao mochari nawaelewa, lakini kuna watu hawajakanyaga Shakahola hata siku moja na walikuwa hawalali, mlango ukigongwa wanaruka. Na si maneno ya baraza haya. Kule Marekani, baada ya mabomu ya Boston Marathon 2013, watafiti walikuta kwamba watu waliokaa na habari za mabomu masaa sita au zaidi kwa siku wiki ile walikuwa na mshtuko zaidi kuliko wale waliokuwepo pale pale, wallahi.

Kwa hivyo kwanza habari ipangie wakati. Wakati wa korona WHO walisema mara moja au mbili kwa siku yatosha. Mimi naona moja: taarifa ya saa moja jioni, ikiisha wazima. Usiogope kupitwa, jambo likiwa kubwa kweli utaambiwa na muuza mahamri kabla hujauliza bei. Simu nayo ichajiwe chumba kingine sio chini ya mto, maana ukiamka saa nane usiku kwenda msalani utaishika tu, na ukishaishika kidole chashuka, chashuka, mpaka adhana ya alfajiri.

Halafu, na hili ndilo kubwa kwangu, sikiza kuliko kutazama. Redio itakwambia maiti zimepatikana, lakini haikuonyeshi mguu wa mtoto. WhatsApp ndiyo balaa, video yajishusha yenyewe, bando laliwa na roho yaliwa. Ingia setingi, sehemu ya hifadhi na data, uzime picha na video zisijishushe. Grupu la familia usitoke, utaitishiwa kikao, limyuti tu, pale pana chaguo la "daima". Na mesej ikija na mishale miwili ujue imeforwadiwa mara nyingi mno na huyo aliyekutumia hajui ilikotoka. Tangu 2020 mesej za aina hiyo WhatsApp yenyewe imezibana, haziendi ila chati moja moja. Wewe usitume hata hiyo moja.

Watoto waulize kwanza wamesikia nini shuleni ndio uwaeleze, usianze wewe.

Lakini kama usingizi umeruka wiki mbili, chakula hakishuki, moyo wapiga mbio simu ikilia tu, hapo kuzima simu hakutoshi. Kusomewa usomewe, sikatai, ila na hospitali uende uombe kuonana na mshauri, au piga 1199 ya Red Cross, ni bure.

Bado shangazi anayetuma video kumi kabla ya chai. Usimgombeze, mambo yatafika kwa mamako. Mwambie, "shangazi, simu yangu siku hizi haifungui video, nipigie unihadithie." Akipiga, hiyo maiti mtaitaja dakika moja, zilizobaki zote ni harusi ya nani na samaki wamepanda bei.