Kukuza fuwele za protini ndani ya mrija mwembamba, ukiwa Lindi

Aliyewahi kutembelea mashamba ya chumvi huku kwetu anajua punje kubwa hutoka kwenye bwawa lililotulia. Protini nayo haitaki kukorogwa. Ndani ya mrija usiofika milimita moja, maji karibu hayazunguki. Chumvi, ambayo ndiyo huifanya protini itoke kwenye maji na kuwa fuwele, hupenya taratibu yenyewe. Mikrofluidiki, yaani kazi ya kuongoza vimiminika ndani ya mirija midogo sana, inategemea utulivu huo.

Watu hukimbilia chipu za silikoni, vibamba laini kama mpira vyenye mirija hiyo ndani. Mimi nasema anza na kioo. Silikoni hupitisha mvuke, na kwa joto la Lindi chipu yangu ya kwanza ilikauka usiku mmoja. Nilishangilia fuwele, kumbe chumvi tupu!

1. Yeyusha lisozaimu, protini ya ute wa yai, miligramu 100 kwa mililita moja ya bafa ya asetati (kimiminika kinachoshikilia uchachu usibadilike), pH 4.5. Usitikise, maana povu huharibu protini. Pindua kichupa polepole. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, uchukue maji ya juu tu.

2. Chovya mrija wa kapilari, yaani mrija mwembamba wa kioo, wa milimita 0.3 kwenye maji hayo. Utanyonya wenyewe. Ziba ncha moja kwa nta.

3. Mimina jeli ya agarosi ya asilimia 1 kwenye kichupa, iache igande. Chomeka ncha iliyo wazi sentimita moja ndani ya jeli, kisha mwaga juu yake maji ya chumvi ya asilimia 20. Funika barabara. Chumvi huchukua saa tisa hivi kushuka sentimita hiyo, kwa hiyo usichungulie kila dakika.

4. Hapa ndipo wengi wanakwama. Lisozaimu huyeyuka zaidi kwenye joto, na ikipita nyuzi 25 hivi fuwele huweza kubadilika umbo. Umeme hukatika, kwa hiyo mimi siutegemei: naweka vichupa ndani ya deli pamoja na chupa za maji baridi, nikilenga nyuzi 20. Barafu isiguse kichupa.

5. Baada ya siku mbili tatu, tazama kwa hadubini. Karibu na jeli utaona ukungu, ambako chumvi iliingia kwa kishindo. Usitupe mrija! Panda juu: fuwele zinapungua idadi, zinanenepa, zinang'aa.

6. Vunja mrija mmoja, gusa fuwele kwa sindano. Ya protini husagika kirahisi. Ya chumvi hukataa, kisha hupasuka. Weka pia mrija wenye bafa bila protini. Chumvi ya asilimia 20 haifanyi fuwele bila kukauka, kwa hiyo ukikuta vipande humo, nta yako inavuja.