Mtoto Anaingia PP1 Januari? Anza na Cheti, Si na Sare

Wazazi wengi hapa Nakuru hununua sare Desemba, kisha Januari mwalimu anaomba nambari ya cheti cha kuzaliwa na mbio zinaanza. Chekechea ziko mikononi mwa kaunti tangu Katiba ya 2010, mtoto wa miaka 4 anaingia PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na shule ya umma hairuhusiwi kudai karo ya masomo. Ila Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ina meno: mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Karani anayekalia cheti chako hakutajwa humo.

Cheti kinaombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; kufungua akaunti sitaeleza. Kama umewahi kujaza ritani za ushuru za KRA, hii haitakushinda. Ingia kwenye usajili wa raia, chagua cheti cha kuzaliwa, pakia notifikesheni ya hospitali (karatasi ya taarifa ya kuzaliwa) na vitambulisho vya wazazi. Piga picha mchana, karatasi ikiwa imenyooka. Muhuri usiosomeka unarudishwa.

Sasa tulia kwenye swali la mahali mtoto alipozaliwa. Rekodi hukaa katika ofisi ya eneo alikozaliwa, haijalishi unaishi wapi leo. Mimi nilienda kujifungulia Kisumu, karibu na mama, kama wengi wetu tunavyofanya. Kijana wa saiba, lile duka la intaneti, alipoona anwani yangu akabonyeza Nakuru, akalipisha, akaita mteja mwingine. Maombi yakalala. Kila nikifungua simu ni "inashughulikiwa". Nikaomba ruhusa kazini, nikapanga foleni tangu asubuhi, na karani hata hakuinua macho: "Huyu si wetu, mama. Rekodi iko Kisumu." Pesa hazikurudi, na mshahara wa siku hiyo ulikatwa. Kwa hiyo simama nyuma ya kijana wa saiba mpaka abonyeze eneo sahihi, hata akinuna.

Ada ya cheti ilipanda 2024 kutoka shilingi 50 hadi 200, na eCitizen yenyewe inaongeza 50 yake. Lipa kwa nambari yake ya malipo, 222222 pekee. Anayekuambia utume kwa simu yake "ili iende haraka" anamaanisha iende kwake.

Kama ulijifungulia nyumbani, notifikesheni inatoka kwa naibu wa chifu. Miezi 6 ikipita kabla mtoto hajasajiliwa, huo ni usajili wa kuchelewa: ada inapanda, na ofisi inataka kadi ya kliniki, vitambulisho, na sahihi ya chifu. Usimfuate chifu siku ya baraza, hutamwona. Na muhuri wake ni wa bure. Akitaja chai, muulize kwa upole kama ina risiti.

Majina yasome herufi kwa herufi kabla ya kutoka wodini, maana yanayoandikwa kwenye notifikesheni ndiyo yanayokwenda kwenye cheti. Jirani yangu ana "Akiny" badala ya "Akinyi" kwenye cheti cha bintiye kwa sababu nesi alifika ukingo wa karatasi. Ukitaka kubadilisha jina la mtoto, sheria inakupa miaka 2 tangu asajiliwe. Baada ya hapo ni wakili na viapo. Mama asiye na ndoa naye asikubali kufukuzwa dirishani: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu kilichomzuia yeye peke yake kuandikisha jina la baba.

Cheti kikifika, toa nakala kadhaa na ufiche halisi. Mwalimu mkuu anahitaji nakala tu. Akitaja mchango wa dawati au mlinzi, jua kwamba michango ni lazima iidhinishwe na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, itolewe risiti rasmi, na mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu hujalipa.

Jambo la mwisho, kwa wanaofanya kazi mpaka jioni: chekechea nyingi za kaunti huwaachilia watoto karibu saa sita mchana. Tafuta wa kumchukua kabla muhula haujaanza, na jina lake na nambari ya simu umwachie mwalimu kwa maandishi.